Unanunua monita ya nyumbani? Ikague kwanza, PIN baadaye

Tuanze na kisa cha hapa kwetu ofisini. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikuwa anamtafutia mdogo wake monita ya kompyuta. Huyo mdogo hufanya kazi ya mtandaoni akiwa nyumbani: anasikiliza rekodi za sauti na kuziandika. Siku nzima yuko kwa laptopu ya inchi 14 juu ya meza ya chakula, na ikifika jioni shingo inauma na macho yanawasha. Mwenzetu akaona tangazo mtandaoni: monita pana ya inchi 24, ex-UK, "safi kama mpya", shilingi 9,500. Akatuma pesa asubuhi, na mzigo ukafika jioni kwa parseli ya matatu.

Kuiwasha, mstari wa kijani umesimama katikati ya skrini kutoka juu hadi chini. Tundu la HDMI nalo lilikuwa limelegea, ukigusa waya picha inapotea. Alipompigia muuzaji, simu ilikuwa imezimwa.

Alitujia sisi wenzake kuuliza kama pesa inaweza kurudishwa. Jibu tulilijua kabla hajamaliza swali. Nambari aliyoweka ilikuwa sahihi, kiasi kilikuwa sahihi, na PIN aliweka mwenyewe. Huduma ya kurudisha malipo iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari, na hata hapo inasaidia tu kama pesa bado iko kwa akaunti ya aliyeipokea. Huyu muuzaji alikuwa ameshaitoa kwa wakala zamani.

Sisi ni kampuni ya malipo, hatuuzi kompyuta. Lakini tumejifunza kwamba ulinzi mkubwa wa pesa yako huja kabla ya kubonyeza PIN. Kwa hivyo leo tunakueleza jinsi ya kupima monita ya matumizi ya kawaida nyumbani, halafu namna ya kuilipia bila kujuta.

Inchi hupimwa kona hadi kona

Ukiambiwa monita ni ya inchi 24, hicho si kipimo cha upana. Ni umbali wa kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, ukipima skrini yenyewe bila fremu. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu umbo la skrini hubadilisha kila kitu.

Monita pana za siku hizi nyingi zina umbo la 16:9, yaani kwa kila sehemu 16 za upana kuna sehemu 9 za urefu wa kwenda juu. Zile za zamani za ofisini, ambazo zinakaribia kuwa za mraba, mara nyingi ni 5:4. Tazama hesabu hizi:

- Inchi 19 ya umbo la 5:4: upana kama sentimita 38, kimo kama sentimita 30.
- Inchi 19 pana ya 16:9: upana kama sentimita 42, kimo chini ya sentimita 24.
- Inchi 22 pana: upana kama sentimita 49, kimo kama sentimita 27.
- Inchi 24 pana: upana kama sentimita 53, kimo kama sentimita 30.
- Inchi 27 pana: upana kama sentimita 60, kimo kama sentimita 34.

Umeona hapo? Ukitoka kwa inchi 19 ya zamani kwenda inchi 19 pana, kimo kinapungua sentimita sita hivi. Kama unasoma barua ndefu au unajaza fomu, utakuwa unasogeza ukurasa kila saa. Ukitaka kimo kile kile ulichozoea, nenda hadi inchi 24.

Kuna pia umbo la 16:10, ambalo lina kimo zaidi kidogo na ni zuri sana kwa kusoma na kuandika. Ukilipata kwa bei ile ile, usilikimbie. Zile ndefu sana za 21:9 ni nzuri kwa kupanga madirisha mengi kando kwa kando, lakini ya inchi 34 hukaribia sentimita 80 kwa upana, na kimo chake ni kama cha inchi 27 ya kawaida. Kwa meza ya bedsita, pima kwanza. Chukua rula au futi ya fundi, weka alama kwa meza yako, halafu ndio uende dukani.

Pikseli: hapa ndipo neno "HD" hudanganya

Picha yote kwa skrini ni nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Zikiwa nyingi, herufi hutoka safi. Muuzaji akisema "hii ni HD", muulize: ngapi kwa ngapi?

Monita nyingi ndogo zina 1366 kwa 768, yaani pikseli kama milioni moja. Ile inayoitwa Full HD ina 1920 kwa 1080, pikseli zaidi ya milioni mbili. Ni mara mbili ya kazi inayoonekana kwa skrini moja. Ukifungua hesabu za chama upande mmoja na ujumbe wa barua pepe upande mwingine, tofauti utaiona papo hapo.

Kwa nyumbani, ushauri wetu ni rahisi: inchi 22 au 24 yenye 1920 kwa 1080. Ukipanda hadi inchi 27 na pikseli zikabaki hizo hizo, nukta zinakuwa kubwa na herufi zinaanza kuonekana nzito ukikaa karibu. Kwa inchi 27 afadhali utafute 2560 kwa 1440, lakini bei nayo hupanda, na laptopu ya zamani inaweza kushindwa kuisukuma.

Na wale wanaotuuliza kama TV ya inchi 32 inaweza kufanya kazi ya monita: inaweza kuonyesha picha, ndiyo. Lakini TV nyingi za bei nafuu za ukubwa huo zina zile 1366 kwa 768. Nukta milioni moja zikitandazwa kwa skrini kubwa hivyo, filamu itapendeza ukiwa kwa kochi, ila herufi ukiwa mezani zitakuchosha.

Utasikia pia habari ya hezi: 60, 75, 144. Hiyo ni idadi ya mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde moja. Kwa kuandika, masomo, mikutano ya video na filamu, 60 inatosha kabisa. Hizo kubwa ni za wachezaji wa gemu. Usilipe zaidi kwa kitu ambacho hutatumia.

Simama kando uangalie

Monita ikiwa mbele yako uso kwa uso, karibu zote hupendeza. Sasa songa kando, halafu chuchumaa uitazame kutoka chini. Zile za aina ya TN hubadilika rangi: nyuso za watu zinakuwa kama picha iliyoharibika, na ukiitazama kutoka chini skrini inaingia giza. Za aina ya IPS hubaki karibu vile vile kutoka kila upande. Za VA zina weusi mzuri zaidi, ila rangi hufifia kidogo ukiwa kando.

Kama ni wewe peke yako unayeandika ripoti, TN itakufaa. Kama watoto watatu watakaa pamoja kuangalia somo, au unahariri picha za biashara yako ya nguo na wateja wanataka rangi ile ile waliyoiona, tafuta IPS.

Matundu ya nyuma

Geuza monita uone nyuma kuna nini. VGA ni lile la zamani lenye pini nyingi na skrubu mbili. DVI ni pana na mara nyingi ni jeupe. HDMI ni lile unalolijua kwa TV. DisplayPort linafanana na HDMI lakini kona yake moja imekatwa.

Kisha angalia laptopu yako ina nini. Monita nyingi za ex-UK zilitoka maofisini, kwa hivyo utakuta VGA na DisplayPort bila HDMI. Hapo utahitaji adapta, na adapta ni pesa. Na si kila adapta hufanya kazi pande zote mbili: ya kutoa HDMI kwenda VGA haiwezi kutumika kinyume. Hesabu gharama hiyo kabla ya kusema bei ni nzuri.

Jambo lingine ni sauti. VGA haibebi sauti hata kidogo. HDMI inabeba, lakini monita nyingi hazina spika ndani. Usishangae kufika nyumbani ukakuta kimya. Sauti itatoka kwa laptopu au utatumia spika za nje.

Kuhusu waya wa stima: monita nyingine hutumia ule wa kawaida wa kompyuta, nyingine zina adapta yake maalum. Ikiwa ni ya adapta, hakikisha unapewa. Soma pia kibandiko cha nyuma. Kikisema volti 100 hadi 240, uko sawa kwa stima yetu ya Kenya.

Shingo yako nayo ina bei

Stendi watu huisahau, lakini ndiyo ilimponza mdogo wa mwenzetu tangu mwanzo: laptopu iko chini, kichwa kimeinama saa nane kwa siku. Ukingo wa juu wa skrini unafaa kuwa usawa wa macho yako au chini kidogo, na skrini iwe umbali wa kama mkono mmoja ulionyooshwa. Stendi inayopanda na kushuka ni bora. Kama haipandi, vitabu viwili vinene vinaweza kusaidia. Hakikisha tu stendi haitikisiki ukiandika, na skrubu zote zipo.

Usiiweke ikitazamana na dirisha. Mwanga ukipiga kwa kioo utaongeza mwangaza wa skrini hadi mwisho, na macho yatalia.

Stima itakula ngapi?

Monita ya LED ya inchi 24 kwa kawaida hutumia kama wati 20 hadi 30. Tuchukulie 25. Ukiiwasha saa sita kwa siku, kwa siku 30 ni uniti nne na nusu. Chukua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, halafu zidisha kwa nne na nusu. Hiyo ndiyo gharama yako ya mwezi. Monita za zamani ambazo si za LED hula zaidi, na taa zake za ndani zikizeeka skrini huwa ya manjano na hafifu.

Mtihani wa dakika kumi dukani

Iwe ni Luthuli Avenue au duka la mtaani kwenu, nenda na laptopu yako na waya wako. Kabla ya kutoka nyumbani, weka picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kisha fanya hivi:

1. Unganisha, na uingie kwa mipangilio ya skrini ya laptopu. Angalia idadi ya pikseli inayopendekezwa. Hiyo ndiyo kweli ya monita, si ile ya kibandiko cha muuzaji.
2. Fungua picha nyeupe. Tafuta madoa meusi, umanjano, au kivuli cha maandishi ya zamani yaliyoganda.
3. Fungua nyeusi. Tafuta nukta zinazong'aa na mwanga unaovuja pembeni.
4. Pitisha nyekundu, kijani na buluu. Mstari wowote, hata mwembamba kama uzi, ni sababu ya kuiacha. Mstari haujitibu.
5. Andika maneno kumi kwa herufi ndogo. Zisome bila kusogea mbele.
6. Tikisa waya kidogo kwa kila tundu. Picha ikikatika, weka chini, nenda kwa nyingine.
7. Bonyeza vitufe vyote vya monita, pamoja na vya kuongeza na kupunguza mwanga.
8. Iache ikiwaka dakika kumi mkiongea bei. Nyingine huanza kupepesa zikishapata joto.
9. Soma nambari ya modeli kwa kibandiko cha nyuma, uitafute mtandaoni kwa simu yako. Utajua ukubwa, pikseli na aina ya skrini bila kuuliza mtu. Vibandiko vingi pia vina mwaka wa kutengenezwa.

Muuzaji mzuri hatakasirika. Akikuharakisha, akisema "kuna mtu mwingine anaikujia saa hii", basi huyo mtu mwingine aichukue.

Sasa tuongee malipo

*Lipa baada ya kuona.* Kama mko miji tofauti, omba kulipa mzigo ukifika na ukiwashwa. Duka linalojiamini lina njia ya kufanya hivyo. "Tuma deposit kidogo nikushikie" ndiyo mlango ambao wengi wameingilia.

*Lipa kwa till ya duka.* Kabla ya kuweka PIN, jina la biashara hutokea kwa simu yako. Lisome. Linganisha na jina lililo kwa risiti na lile la mlangoni. Ukiambiwa "tuma kwa hii nambari yangu, till iko na shida", uliza maswali zaidi au rudi kesho till ikiwa imepona.

*Andikisha waranti.* Risiti iwe na modeli, nambari ya siri ya bidhaa iliyo kwa kibandiko, siku za waranti, na ile kodi ya malipo iliyo kwa ujumbe wako. Usifute ujumbe huo.

*Usimpe mtu simu yako "akusaidie kulipa".* PIN ni yako peke yako. Sisi wenyewe hatutakuuliza.

*Ukiuza monita yako ya zamani, angalia salio, usiamini ujumbe.* Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye simu. Salio lako halighushiwi. Bidhaa isitoke mkononi kabla ya kuliona limebadilika.

*Piga hesabu ya lipa mdogo mdogo.* Tuseme monita ni shilingi 10,000 taslimu. Ukipewa mpango wa deposit 3,000 na shilingi 60 kila siku kwa siku 180, utalipa 10,800 juu ya ile deposit. Jumla ni 13,800. Sitini inaonekana kama bei ya chai, lakini umelipa 3,800 zaidi. Ukiweza kusubiri, weka hizo 60 kando wewe mwenyewe, kwa akiba.

Na kama umeshauziwa kibovu?

Kwanza, rudi kwa muuzaji haraka ukiwa na risiti, ujumbe wa malipo na picha za tatizo. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Duka lenye anwani hujua hilo, na mara nyingi litabadilisha.

Pili, kama muuzaji ametoweka, piga ripoti polisi na utupigie sisi siku hiyo hiyo. Hatutakudanganya: pesa ikishatolewa kwa wakala, hakuna kitu kilichobaki kwa akaunti cha kuzuia. Lakini ripoti yako inahesabika, kwa sababu nambari inayoripotiwa na watu kadhaa huchunguzwa, na ujumbe wako wa malipo ni ushahidi.

Mwenzetu alipeleka ile monita kwa fundi. Fundi akamwambia kioo chake kikibadilishwa, gharama itakaribia bei ya monita nyingine nzima. Bado iko chini ya kitanda. Miezi minne baadaye, baada ya kuweka akiba upya, walienda mjini wawili, yeye na mdogo wake, wakiwa na laptopu kwa mkoba na zile picha tano. Ya kwanza ilikuwa na nukta tatu zinazong'aa. Ya pili ilipepesa dakika ya saba. Ya tatu, inchi 22, ilipita mtihani wote. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya kwanza kwa shilingi elfu moja. Walisoma jina la duka kwa simu, likafanana na la risiti, ndipo PIN ikabonyezwa.

Kama una monita unayoitolea macho wiki hii, hifadhi makala haya kwa simu uende nayo dukani. Na kama kuna jirani anayetaka kutuma deposit usiku huu kwa muuzaji ambaye hajawahi kumuona, mtumie kabla hajabonyeza.